Ukuta wa Fundi Saa

Kijiwe chenyewe ni benchi la saruji, linalotosha watu wanne wenye adabu au watano wanaopendana, limejengwa likiegemea ukuta wa mbele wa nyumba ya Fundi Saa. Juu ya benchi, kwa herufi nyeusi ambazo mtu huzisoma akiwa bado ng'ambo ya barabara, ukuta umeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI. Ukikaa hapo maandishi yanakuwa juu ya kichwa chako, na kila mwenye kijiwe ana kipande chake. Dalali wa nyumba anakaa chini ya NYUMBA, na asikudanganye mtu kwamba ni bahati tu. Bomba, fundi wa mabomba ya maji, anakaa chini ya HII. Redio, mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki, anakaa panapoanzia neno la mwisho, na panapoishia pana mwenyewe aliyeyaandika, Fundi Rangi, ambaye watu wote humwita Rangi kwa mkato. Mwenye nyumba hana kipande. Hukaa mlangoni kwenye kiti cha kukunja, chupa ya kahawa miguuni, saa ya mtu fulani mkononi akiifungua tumbo.

Siku hiyo Rangi alikuja na mfuko, akausukuma chini ya benchi kwa kisigino kabla hajasalimia. Ndani mlikuwa na brashi pana, kitambaa, na kopo la rangi ya maziwa, rangi ile ile ya ukuta. Asubuhi Fundi Saa alikuwa amemfuata kibandani kwake, akasimama mlangoni bila kuingia, akamwomba ayafute maandishi leo hii, saa ile anapomtembeza mkewe. Rangi akauliza rangi ya ukuta ilikuwa namba ngapi. Hilo tu ndilo alilopata kuuliza, na mchana kutwa alikuwa akilijutia, maana mtu akikuletea msiba wake humuulizi namba ya rangi.

Yale maandishi aliyaandika miaka kumi na moja nyuma, matapeli walipouvamia mtaa wakawa wanauza nyumba za watu, wenyewe wakiwa kazini. Aliyemwita hakuwa Fundi Saa. Alikuwa mkewe, ambaye kijiwe kizima humwita Shemeji, karani wa posta aliyepanga barua za watu miaka thelathini na kitu, mtu ambaye hapiti penye maandishi asiyasome. Alisimama nyuma ya Rangi mikono kiunoni, akisema kubwa zaidi, ongeza, hata mwenye macho mabovu asome. Rangi kwa kusukumwa sukumwa akaandika HAUZWI. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. "Kwani nyumba ni mtu?" akasema. "Rudisha I yangu." Nafasi haikuwepo. Rangi akaipenyeza I katikati ya A na U, nyembamba. Shemeji akarudi nyuma hatua tatu, akaikagua kama stempu. "I umeibana," akasema. "Lakini inasomeka."

Sasa Fundi Saa aliinama, akawamiminia kahawa mmoja mmoja. Kahawa ya nyumba ile siku hizi ni maji yaliyopita karibu na kahawa, ila hakuna anayethubutu kusema, kwa sababu wote wanajua ni nani aliyekuwa akiichemsha zamani na kwa nini haichemshi tena. Bomba alikunywa, akameza, akasifu. Ndipo Fundi Saa akasema, macho yake yakiwa kwenye ile saa:

— Jamani, hebu nisaidieni. Mtu akitaka kuuza nyumba, wakati gani wa mwaka ndio mzuri?

Bomba akacheka.

— Fundi wa saa ni wewe. Wakati unatuuliza sisi?

— Nauliza tu.

— Nyumba ya nani? akauliza Dalali.

— Nyumba tu. Nyumba yoyote.

Hakuna aliyerudia swali lile. Wote wanne walijua ni nyumba gani, na wote wanne, kwa woga wa kiume usio na faida, wakaamua kuizungumzia nyumba yoyote.

— Kama ni nyumba yoyote, akasema Dalali akijiweka sawa, basi nyumba huuzwa kiangazi. Miaka ishirini na mbili nauza nyumba za watu. Kiangazi barabara kavu, mnunuzi anafika viatu safi, hana hasira. Mtu mwenye tope miguuni hanunui nyumba. Anaomba maji ya kunawa, anaondoka.

— Kiangazi si ndiyo kimekwisha? akasema Rangi.

— Basi kijacho.

— Huo kwanza ni utapeli, akaingia Bomba. Kiangazi paa gani linavuja? Kila paa zima. Nyumba iuzwe mvua ikinyesha. Mnunuzi umsimamishe chini ya dari, umwambie asikilize. Asipodondokewa, anunue.

— Na akidondokewa?

— Anaitwa fundi.

— Yaani wewe.

— Kwani mtaa huu una mwingine?

Redio akanyoosha mkono juu, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

— Mvua si hizi zinakuja?

— Hizi? Bomba akatema pembeni. Hizi manyunyu bwana. Mimi nasema mvua za mwisho wa mwaka, zile zinazomtoa mtu kitandani.

— Mimi nilisikia redioni, akasema Redio, na wenzake wakaegemea ukuta kwa pamoja kama abiria walioambiwa gari litachelewa. Mtaalamu mmoja, msomi kabisa, alisema nyumba iuzwe shule zinapofungwa. Mwenye watoto hahami katikati ya muhula.

— Mtaalamu wa nchi gani?

— Hapo ndipo mawimbi yalipokatika.

— Shule zimefunguliwa wiki iliyopita, mzee.

— Basi zikifungwa tena. Si zitafungwa?

Fundi Saa aliitikia kila jibu kwa kichwa, akalichukua kama anavyochukua saa mbovu ya mteja, bila kumwambia mwenyewe kwamba haifai. Rangi alimtazama mikono. Ni mikono inayoweza kushika parafujo usiyoiona, na leo ilikuwa imeiangusha parafujo mara mbili. Rangi alitamani mtu mmoja aseme neno la maana. Yeye mwenyewe hakuwa nalo.

— Sikilizeni, akasema Bomba, aliyekuwa amepata moto. Mnunuzi hanunui kuta. Mnunuzi ananunua harufu. Lile waridi la Shemeji pale kwenye mfereji, likichanua, hata mimi nikipita na makoleo yangu begani nasimama. Nyumba iuzwe waridi likichanua.

— Limechanua mwezi uliopita, akasema Fundi Saa polepole.

— Si linachanua kila mwaka?

— Nani atalipalilia?

Bomba akasema kwamba yeye atalipalilia, ni kazi ndogo, ana jembe.

— Februari, akasema Redio ghafla.

— Februari imefanya nini?

— Mwezi wa siku thelathini na moja unampa mnunuzi siku nyingi za kuwaza, na mtu akiwaza sana anaghairi. Februari inakatika kabla hajamaliza kuwaza. Anajikuta ameshatia saini.

— Hiyo nayo umeisikia redioni?

— Hiyo yangu mwenyewe.

— Februari ijayo haiwezekani, akasema Dalali kwa sauti ya kikazi, huku akihesabu kwa vidole. Mwakani uchaguzi. Mwaka wa uchaguzi watu hawanunui, wanasubiri waone. Tena baada ya uchaguzi wanasubiri watulie. Mimi kama mimi, kwa uzoefu wangu, ningesema mwaka wa keshokutwa. Kiangazi cha mwaka huo. Na kiwe kiangazi kizuri, sio cha vumbi.

— Na waridi liwe limechanua, akasema Bomba.

— Na shule ziwe zimefungwa, akasema Redio.

Fundi Saa aliifunika ile saa, akaiweka mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Kisha akawatazama mmoja baada ya mwingine kuanzia upande wa Dalali.

— Mbona miezi yenu yote iko mbele?

Gari lilipita, likaacha moshi, hakuna aliyelalamika.

— Hakuna hata mmoja aliyeutaja mwezi huu. Dalali, ni mteja gani wako umewahi kumwambia asubiri mpaka mwaka wa keshokutwa?

Dalali alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo. Wanaomjua wanajua kwamba mtu yule angeweza kumuuzia nyumba mtu aliyekuja kuuliza njia. Lakini siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa usiku wa mvua, Shemeji ndiye aliyembeba begani mpaka asubuhi, na mtu hasahau bega la namna hiyo. Walimpenda yule mwanamke, wote, kila mmoja kwa deni lake la moyo, na walimpenda mumewe, na ndio maana walikuwa wanaongea upuuzi.

— Binti anasemaje? Redio akauliza, sauti imeshuka.

— Anasema tuhamie kwake. Ana uwanja nyuma, tutajenga chumba cha watu wawili, ila cha kujengea hakuna kingine zaidi ya nyumba hii. Ana geti. Shemeji yenu hawezi kutoka akapotea. Daktari naye anasema ahamishwe mapema, angali ana nguvu ya kuzoea mahali papya.

— Basi, akasema Redio.

— Basi, ndiyo.

Fundi Saa akapitisha kiganja usoni.

— Asubuhi anaijua nyumba hii kuliko mimi. Anajua sufuria liko wapi. Leo amenigombeza nimeanika taulo upande wa jua la mchana. Jua likigeuka, haijui tena. Anachukua mkoba, ananiambia nimpeleke kwao. Nikiuza asubuhi, nimemnyang'anya mtu nyumba yake anaona. Nikiuza saa kumi, nimeuza nyumba mbele ya mgeni na yeye hajui kwamba analizwa kwa kilicho chake. Mimi siwaulizi mwezi. Mwezi hata mimi naujua. Niambieni nauza saa ngapi.

Rangi alihisi mfuko ukimgusa kisigino, akaurudisha ndani zaidi. Mara mlango ukafunguliwa nyuma ya kiti cha Fundi Saa.

Alitoka Shemeji. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, viatu vimefungwa vizuri, mkoba umebanwa kwapani kama mtu anayeogopa kuchelewa gari. Wanaume wote wakasimama. Zamani hawakuwa wakimsimamia, walikuwa wakimnyooshea vikombe. Siku hizi wanasimama, na hakuna aliyewaagiza.

— Hamjambo, akasema.

— Hatujambo, Shemeji.

Alilipokea neno lile kwa heshima, kama mtu anavyopokea jina la kukosewa kutoka kwa watu wema.

— Samahanini ndugu zangu. Nimekaa sana kwa watu. Nataka kwenda nyumbani.

— Nitakupeleka mimi, akasema Fundi Saa.

— Unapajua?

— Napajua.

Shemeji alimpima kwa macho kuanzia viatu. Kisha akampa mkono, kwa sababu mzee yule alikuwa na uso mzuri na yeye mwenyewe njia hakuijua. Wakashuka barabarani. Kijiwe kizima kinaijua ile safari, ya kila siku: mpaka kwenye duka la magodoro, kushoto kwenye ukuta wa shule, kushoto tena penye fundi viatu, na kurudi kwa upande wa pili mpaka mlango ule ule walioutoka. Anaondoka kwa watu, anafika kwake. Njia nzima anasoma. MAGODORO YA KILA KIMO. USITUPE TAKA HAPA. TUMEHAMIA GHOROFANI. Akirudi husoma na maandishi ya ukuta huu, kwa sauti ile ile ya karani, kisha husema "Tumefika," anaingia ndani, anavua viatu, anakunywa maji, na jioni inakuwa ya amani. Wamemsikia hivyo siku nyingi mno. Kwa kuwa anasoma kila kitu, hawakuwahi kusikia anachosoma.

Fundi Saa alipofika kona aligeuka. Alimtazama Rangi, akamwitikia kwa kichwa mara moja.

Rangi akavuta mfuko.

— Hicho nini? akauliza Bomba.

— Rangi.

— Rangi ya nini?

— Ya ukuta. Kanituma mwenyewe. Inukeni.

Hawakuinuka. Walikuwa wameshakaa, na walikaa kwa uzito ambao benchi lile halijawahi kuubeba.

— Inukeni jamani, nina dakika ishirini.

— Mimi mgongo, akasema Bomba.

— Dalali, wewe si ndiyo kazi yako? Inuka.

— Leo ofisi imefungwa, akasema Dalali.

— Mzee Redio.

Redio hakusema lolote. Wenye kijiwe wanaikumbuka siku ile kwa mambo mengi, na hilo ni mojawapo.

Basi Rangi akaanzia pale alipoweza kufika, kwenye kipande chake mwenyewe. Alifungua kopo, akakoroga, akalowesha brashi. Alikuwa amefuta maandishi ya watu wengi maishani, maduka yaliyofilisika, saluni zilizobadili wenyewe, na alikuwa na desturi ya kutotazama anachofuta. Akafuta I ya mwisho. Akafuta W. Z ilimsumbua, ina kona nyingi, akairudia. Akafuta U. Mkono wake ukafika juu ya upara wa Redio ukakwama hapo, rangi ikidondoka tone moja begani kwa mzee, na mzee hakulifuta.

Bomba aligeuza shingo, akatazama juu, akasoma kilichobaki.

— Nyumba hii hai.

Ile I nyembamba, iliyorudishwa kwa amri ya Shemeji miaka kumi na moja nyuma, ilikuwa imesimama mwishoni peke yake, haina cha kubanwa nacho tena.

— Iache hapo hapo, akasema Redio.

— Siwezi kuiacha hapo. Inuka nimalize.

— Nimekwambia iache.

Walikuwa bado wanabishana waliposikia sauti ya Shemeji. TUMEHAMIA GHOROFANI, alisoma, mbali kidogo, kisha viatu vyake vikasikika kwenye kokoto. Walikuwa wamerudi upesi kuliko kawaida. Rangi akaficha brashi nyuma ya mgongo, kitendo cha kitoto, na rangi ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Shemeji alikuja akitazama mbele, mkono mmoja kwa mumewe, mwingine kwenye mkoba. Alipofika ng'ambo ya barabara, pale anaposomea siku zote, akasimama.

— Nyumba hii hai, akasoma.

Akakunja uso. Akasoma tena, polepole, kila herufi kwa haki yake, kama anwani iliyoandikwa na mtu asiyejua kuandika. Kisha akaanza kutembea tena, akaupita mlango.

— Tumefika, akasema Fundi Saa, akimshika mkono.

— Bado.

— Tumefika, mama. Hapa.

— Siyo hapa. Ya kwetu haiuzwi. Imeandikwa ukutani.

Aliusema ukweli ule kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni. Fundi Saa aliinua macho akautazama ukuta wake. Rangi hajapata kuona uso wa mtu ukielewa jambo kwa ghafla namna ile, na yeye mwenyewe akaelewa wakati huo huo. Miezi yote hii walidhani anaufahamu mlango.

Shemeji alikuwa amegeuka, anawatazama wanaume wanne mmoja mmoja, sasa si kama mgeni. Aliwatazama kama karani anayewatazama watu waliopoteza barua.

— Au imeshauzwa?

Akaukaza mkoba kwapani.

— Jamani, mmeiuza lini?

Hapo walikuwepo mtu wa kiangazi, na mtu wa mvua, na mtu wa Februari. Mchana kutwa kila mmoja alikuwa na lini yake mdomoni. Machozi yalikuwa yakimtoka Shemeji bila uso wake kubadilika, na yeye mwenyewe hakuonekana kujua kwamba analia. Alikuwa anasubiri jibu tu.

Rangi akatupa brashi. Rangi ya ukuta ilikuwa mbichi bado, haijashika. Akachukua kitambaa, akafuta U, ikatoka ikiwa na ukungu. Kitambaa kikajaa, akavua shati, akaendelea na shati. Nyuma yake alisikia benchi likiachiwa. Watu waliokataa kuinuka kwa maneno walikuwa wameinuka bila kuambiwa, Dalali anafuta Z kwa kofia yake, Bomba ameipata W kwa mkono wa ovaroli, na Redio, mfupi wa wote, anairukia I ya mwisho kwa leso asiifikie vizuri. Chupa ya kahawa ilipigwa teke na mmoja wao, ikamwagika yote mferejini, penye waridi. Hawakujua mpaka baadaye.

Walipojitenga, herufi nne zilikuwa zimerudi, zimefifia, zina michirizi ya maziwa.

Shemeji alisogea karibu kuliko siku zote.

— Nyumba hii, akasoma. Hai. U. Zwi.

Akapumua.

— Enhe. Tumefika.

Alipita katikati yao kuelekea mlangoni, akijipangusa shavu kwa mgongo wa kiganja na kuutazama unyevu ule kwa mshangao. Kwenye kizingiti akasimama, akageukia ukuta, kisha akamgeukia Rangi aliyekuwa kifua wazi.

— I umeibana, akamwambia. Lakini inasomeka.

Akaingia. Walisikia viatu vikivuliwa, kimoja, halafu cha pili. Kama alilikumbuka, au lilimjia tu, hakuna fundi wa kujua.

Fundi Saa alikaa ndani naye kwa muda mrefu. Alipotoka, hakukaa kwenye kiti chake cha kukunja. Alikaa benchini, akajibana kati ya Redio na Rangi. Dalali alikohoa.

— Daktari si alisema mapema?

— Alisema.

— Na binti?

— Nitampigia. Nitamwambia asubiri. Atalia, ana haki.

Halafu akamshika Rangi goti.

— Siku atakayoshindwa kuyasoma, nitakuja kukuita mwenyewe. Ndio utakuwa wakati wake.

— Sawa, akasema Rangi.

— Usije kabla sijakuita.

— Siji.

Lakini anakuja. Kila baada ya miezi michache anakuja na kopo la rangi nyeusi, wenzake wanainuka bila ubishi, Dalali anashika ngazi, naye anayapitia maandishi yote kuanzia mwanzo. Akiulizwa anasema jua linayala. Ile I nyembamba hajaigusa. Nyingine zote, kila akizipitia, anazikuza kidogo, upana wa kidole tu, na mwezi uliopita Z ilifika kwenye fremu ya dirisha. Bado hajaitwa.